Mwaka Uliojificha Ndani ya Nyota

Inspekta Leocadia Barrondo aliamka na hofu siku ile, na asijue anaogopa nini. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mtu akiogopa mbwa huokota jiwe, akimwogopa mkubwa wake wa kazi hunyamaza, lakini hofu isiyo na jina utaifanya nini? Aliibeba hivyo hivyo, pamoja na bahasha ya mahakama iliyokuwa ndani ya koti lake, akauvuka uwanja wa mji wa Valdehorna bila kumsalimia mtu, akausukuma mlango wa duka la Doña Casiana.

"Funga mlango, mwanangu, unaniingizia baridi," alisema Doña Casiana. Alikuwa bibi wa miaka sabini na mitatu, kavaa sweta mbili, kaketi katikati ya stempu na sarafu zake. "Umeileta?"

"Nimeileta. Lakini nina mpaka saa nane tu. Saa nane jaji anafunga jalada."

"Leo, sikukuu ya San Martín? Hana mvinyo mpya wa kuonja kwake, huyo?"

"Anataka kulifunga ndipo aende akaonje."

Bibi akacheka. Leocadia hakucheka. Alitoa bahasha, akaweka karatasi ya karani wa mahakama mezani, bibi akatia sahihi mahali pa mtaalamu. Kisha duro ikatoka. Ilikuwa sarafu ile kubwa ya peseta tano ambayo kila mtu aliwahi kuitoa kulipia kahawa, kabla serikali haijaacha kuipiga na kuleta ile ndogo ya siku hizi inayopotea mfukoni. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha Jenerali aliyekuwa akitawala nchi, na chini yake mwaka: 1957.

Mwaka huo ndio uliokuwa unaiua kesi. Siku kumi na mbili nyuma, mafundi waliokuwa wakipitisha bomba katika ghala la mvinyo chini ya nyumba ya Honorio Retuerta walibomoa ukuta wakakuta mifupa ya mwanamume. Pete yenye jina lake ilimtaja: Amancio Lobera, shemeji yake Honorio, yule ambaye mji mzima ulijua kwamba alikwenda Uswisi kutafuta kazi mwaka hamsini na tisa, akamwacha mtoto wa mwaka mmoja asiye na mama, asiandike hata barua. Kumbe hakwenda popote, watu wakasema. Mfukoni mwake kulikuwa na pochi ya ngozi iliyoshikana kwa unyevu. Daktari aliikata mbele ya karani, na ndani mlikuwa na duro hiyo moja, basi. Hakuna fundi aliyeidondosha hapo.

Mtu kapotea hamsini na tisa, sarafu yake ya hamsini na saba. Hata kuku angejumlisha. Aliyemuua, ikasemwa, ni mzee Ildefonso, baba yake Honorio, aliyemchukia mkwewe mpaka akafa mwaka sitini na tano. Na hata kama si yeye, sheria haimshitaki muuaji miaka ishirini ikishapita, na hapa imepita thelathini na miwili.

Kilichomkera Leocadia kilikuwa kumbukumbu ya Honorio. Siku ya kwanza mzee huyo aliapa hakumbuki nani aliujenga ukuta ule. Siku ya pili Leocadia akaiweka duro mbele yake, Honorio akaitazama upande wa kichwa, na ghafla kumbukumbu ikamrudia yote: aliujenga mwenyewe, vuli ya mwaka sitini, kwa amri ya baba yake, bila kuuliza maswali, na tangu hapo haujaguswa. Akatia sahihi papo hapo.

"Unajua, nilitaka kuisafisha kwa siki," Leocadia alisema.

"Siki!" Bibi alishika kifua. "Ungeitia siki ningekutoa hapa kwa ufagio, uwe polisi usiwe polisi. Uchafu ndio unaolinda. Nani alikwambia uje kwangu?"

"Mwenye baa. Juzi nimekuta wazee wameinamia chenji zao na vioo vya kukuzia, kama wanachagua mchele. Akaniambia, Inspekta, huo mwaka wa chini ya kichwa usiuamini."

"Amekwambia kweli. Tangu waache kuzipiga hizi kubwa, nusu ya mji imekuwa wataalamu." Bibi akaigeuza duro upande wa pili, wenye picha ya ndege tai. "Ule hamsini na saba ni mwaka wa muundo. Waliupenda muundo, wakaendelea kupiga duro zenye mwaka huo huo mpaka sabini na tano. Mwaka wa kweli wameuficha. Unaiona nyota hii kushoto? Ndani yake kuna kumi na tisa. Na nyota ya kulia ina tarakimu mbili. Huo ndio mwaka wake wa kuzaliwa."

"Mimi naona madoa tu."

"Kwa sababu una macho ya polisi."

Bibi akashika kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni, akasogea dirishani, akailaza duro ili mwanga uiguse kwa ubavu. Akaigeuza kidogo, kisha kidogo tena.

"Ya mwisho ni mbili," bibi alisema. "Hiyo naapa."

"Na ya kwanza?"

"Ngoja."

"Doña Casiana, ya kwanza?"

"Nimesema ngoja! Imelika. Ni sita au saba."

Leocadia akashika ukingo wa meza. Ikiwa sita, ni sitini na mbili. Jalada linafungwa, kila mtu anakwenda kula. Ikiwa saba, ni sabini na mbili, na hapo yote yanageuka. Mzee Ildefonso alikuwa kaburini mwaka wa saba. Miaka ishirini haijatimia. Na muuaji yu hai, anakunywa kahawa baa ile ile anayokunywa yeye.

Bibi akavuta droo, akatoa trei mbili zenye vishimo. Katika moja alichagua duro ya nyota sitini na mbili, katika nyingine ya sabini na mbili, akaziweka kushoto na kulia, na ile ya marehemu katikati. Akampa Leocadia kioo.

"Utakwenda kuapa mbele ya jaji, basi tazama mwenyewe. Sita ina tumbo. Hata ikisuguliwa miaka mia, tumbo linabaki limekaa chini. Saba haina tumbo, ina mguu mmoja ulioinama. Usitazame juu, juu pameliwa. Tazama chini."

Leocadia akatazama ya kushoto. Tumbo lilikuwepo, dogo, la mviringo. Akatazama ya kulia, akaona mguu. Akasogeza kioo katikati. Alitazama, akafuta jicho, akatazama tena.

"Mguu," alisema.

"Tumbo hakuna?"

"Hakuna."

"Basi sema kwa sauti, mwanangu, mimi nimeshaona tangu zamani."

"Sabini na mbili." Leocadia akakaa kwenye kigoda. "Sarafu haikuwapo duniani kabla ya sabini na mbili. Kwa hiyo Amancio alikwenda Uswisi kweli. Na alirudi. Akaingia nyumba ile na duro mpya mfukoni, na aliyemjengea ukuta hakuujenga mwaka sitini. Honorio ametia sahihi uongo, Doña Casiana. Alisoma hamsini na saba, akajipimia mwaka unaomfaa."

Alitegemea bibi atashangilia. Lakini Doña Casiana alikuwa ameyaondoa macho kwenye duro, anautazama mlango.

"Una nini?"

"Honorio alikuja hapa jana."

"Jana lini?"

"Baada ya misa. Alikuja na konzi ya duro, anasema na yeye anataka kuanza kukusanya. Nikafurahi! Mjinga mimi, mtu akiniuliza habari za nyota sijui kunyamaza. Nilimfundisha saa nzima. Nikamuuzia na kioo." Akakishika kioo cha shingoni mwake. "Alipokuwa anatoka akaniuliza, iliyolala kwenye unyevu miaka mingi, nyota yake itasomeka? Nikamwambia itasomeka, ukimpata mwenye jicho. Akaniangalia. Akasema, kama wewe. Nikasema, kama mimi."

Sasa hofu ya asubuhi ilikuwa imepata jina. Lakini bado kulikuwa na jambo halijakaa sawa, akalisema kwa sauti, kama alivyozoea kufanya akiwa na karani.

"Anajua tangu jana. Mbona hajakimbia? Asubuhi hii nimemwona anafagia mbele ya mlango wake."

"Ana miaka sitini na minane. Akimbilie wapi?"

"Hapana. Hakimbii kwa sababu anaona bado ana pa kuponea. Duro hii inasema tu kwamba ukuta ni wa baada ya sabini na mbili. Wakili wake atasema, mzee kachanganya miaka, ulijengwa sabini na sita, na fundi mwingine, marehemu kawekwa na mtu mwingine. Ili nimfunge nahitaji mtu aliyeuona ukuta ukijengwa. Sabini na mbili nani alikuwa anaishi nyumba ile?"

"Baba yake alishakufa. Honorio hajawahi kuoa. Alikuwa yeye na yule mtoto wa marehemu dada yake."

"Edelmira."

"Edelmira. Alikuwa wa miaka kumi na minne."

Bibi akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Mikono," alisema. "Yesu wangu, ile mikono. Alikuja hapa kununua stempu, mikono imefungwa vitambaa, ngozi yote imebabuka. Nikamwambia, mtoto, umefua nini? Akasema, chokaa hiyo, mjomba anajenga kule chini, mimi nampelekea maji. Nilimpaka mafuta ya zeituni hapa hapa."

"Mwaka gani? Bibi, tafadhali, mwaka gani?"

"Ule niliofungua duka. Rafu zilikuwa hazijapigwa rangi." Akanyoosha kidole kwenye leseni ukutani, na Leocadia hakuhitaji kioo kuisoma: Septemba 1972.

Simu ilikuwa chini ya kaunta. Leocadia aliizungusha namba kwa haraka, akakosea, akaanza upya. Ililia mara sita.

"Naam," alisema Honorio.

"Mzee Honorio, ni Inspekta Barrondo. Naomba niongee na Edelmira."

"Ah, Inspekta! Heri ya San Martín. Umemkosa kidogo tu. Kashuka ghalani kuchota mvinyo mpya, tuuonje kabla ya kula."

"Mwite."

"Hasikii kule, mama. Ngazi ni ndefu, na mimi na magoti haya..."

"Ameshuka muda gani?"

"Sasa hivi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole mno. "Njoo nawe uonje." Akakata.

Leocadia akapiga kituoni, akaamuru gari na gari la wagonjwa, akafungua mlango. Nyuma yake Doña Casiana alikuwa anapekua droo na kulia.

"Mshumaa! Usithubutu kushuka bila mshumaa! Mvinyo bado unachacha!"

Hapo Leocadia akaelewa. Katika Valdehorna mtoto hajui kusali lakini hilo analijua: mvinyo mpya unapumua, na pumzi yake inaua. Haina harufu, haina rangi, inalala chini kabisa ya ghala ikimsubiri mtu. Ndiyo maana kila ghala lina tundu la hewa linalotokea barabarani, na ndiyo maana hakuna anayeshuka mwezi wa Novemba bila mshumaa mbele yake. Mshumaa ukizimika, wewe unageuka unapanda. Kila mwaka kuna nyumba mahali fulani inayovaa nyeusi kwa kusahau hilo, na hakuna polisi anayeitwa. Watu husema bahati mbaya, wanazika.

Alikimbia. Bibi alimfuata na sapatu zake za ndani, mshumaa mkononi, watu wa uwanjani wakisimama kuwatazama. Nyumba ya Honorio ilikuwa mtaa wa pili. Kabla ya kufika mlangoni Leocadia aliliona tundu la hewa chini ya ukuta: lilikuwa limeshindiliwa magunia mpaka ndani.

"Yatoe!" alimpigia kelele bibi, akaupokonya mshumaa. Doña Casiana akapiga magoti barabarani, akaanza kuvuta kwa kucha.

Mlango ulikuwa wazi. Honorio alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mdomo wa ngazi, kisahani cha jibini gotini, kisu kidogo mkononi. Alikuwa anakula kweli. Leocadia ameona maiti nyingi na wauaji kadhaa, lakini taya lile lililokuwa likitafuna taratibu lilimtisha kuliko wote.

"Karibu, Inspekta."

"Weka kisu chini."

"Ni cha jibini, mama."

"Chini!"

Akakiweka. Alipotaka kukimbilia ngazi, Leocadia alijizuia. Alikuwa anaogopa, na safari hii aliisikiliza hofu yake: mlango wa ghala ni wa mbao nzito, na mzee huyu ameshamfungia mtu ndani mara moja. Alimkamata kifundo cha mkono, akamtia pingu, akafunga upande wa pili kwenye pete ya chuma ya mlango ule ule. Mlango usingefungika tena bila yeye mwenyewe kubanwa.

"Mshumaa wake uko wapi?"

"Alisema hauhitaji. Nilimwambia nimeshuka asubuhi, hewa ni nzuri." Honorio akatazama pembeni. "Ananiamini."

Leocadia akawasha mshumaa, akashuka. Taa ya umeme ya ghalani ilikuwa inawaka kule chini, manjano, kana kwamba hakuna kitu. Ngazi ya kumi, mwali ulisimama vizuri. Ya kumi na mbili, ukalala. Ya kumi na nne, ukanywea, ukawa wa buluu. Ya kumi na tano ukazimika, na moshi wake haukupanda, ukaelea pale pale kiunoni.

Edelmira alikuwa ngazi nne chini, kifudifudi, mtungi umepasuka kando yake, mkono mmoja umenyooshwa juu. Alikuwa amejaribu kupanda.

Leocadia alirudi juu ngazi tatu. Kila kiungo chake kilitaka kuendelea kupanda mpaka barabarani. Akavuta hewa mpaka mbavu zikauma, akafunga mdomo, akashuka. Akamshika mwanamke yule chini ya makwapa, akavuta. Ngazi moja. Visigino vya Edelmira viligonga jiwe. Ngazi ya pili. Masikio yalianza kuvuma. Ya tatu hakumbuki. Ya nne, macho yalikuwa yanaona weusi, na kifua kilikuwa kinamwomba afungue mdomo, fungua, mara moja tu. Hakufungua. Alivuta mpaka mgongo wake ukahisi upepo mwembamba ukipita, upepo wa barabarani, wenye vumbi la magunia. Doña Casiana alikuwa amelizibua tundu. Hapo akapumua kwa mlio wa punda, akaendelea kuvuta.

Walimlaza Edelmira barabarani. Uso ulikuwa wa kijivu. Bibi akampiga mgongoni, akamwita jina, akamtukana, akamwita tena. Ilichukua muda ambao Leocadia baadaye hakuweza kuuandika kwenye ripoti. Kisha mwanamke yule alikohoa, akatapika, akalia kama mtoto.

"Mjomba kasema hewa ni nzuri," alinong'ona. "Alishuka asubuhi. Aliniambia ni nzuri."

Edelmira alizisoma nyuso zao. Aliyageuza macho polepole mpaka mlangoni, akamwona Honorio amesimama na mkono mmoja kwenye pete ya chuma.

"Alikuja kukuchukua," Honorio alisema, na sauti ya upole ilikuwa imekwisha. "Miaka kumi na mitatu! Barua zake nilizichoma mimi, sawa, lakini nani alikulea? Nani alikesha nawe ulipougua surua? Anaingia na sanduku lake, anafungua, ndani kuna gauni. La mtoto wa miaka mitano! Hajui hata mwanawe ana kimo gani. Anasema, kesho tunaondoka naye. Kesho! Kana kwamba unakuja kuchukua kuku."

Doña Casiana akafanya ishara ya msalaba. Leocadia hakusogea. Alikuwa bado anaogopa, ila sasa alimwogopea mwanamke yule aliyeketi juu ya mawe, ambaye alikuwa anahesabu. Ungeona anahesabu.

"Baba alirudi?" Edelmira aliuliza.

"Alirudi," alisema Leocadia. "Sabini na mbili. Sarafu yake imesema."

"Nilikuwa na miaka kumi na minne."

"Ndiyo."

"Ule ukuta." Akasita. "Inspekta, baba alikuwa nyuma yake? Nilipokuwa naleta maji?"

Leocadia akachuchumaa mbele yake. "Ndiyo, Edelmira."

Edelmira alimtazama mjomba wake muda mrefu, yule aliyemlea, aliyemfundisha kusoma, aliyemwambia kila Krismasi kwamba baba yake hakumtaka. Honorio akatikisa kichwa kidogo, kumkataza, kama alivyomkataza mambo mengi utotoni. Mbali, king'ora cha gari la wagonjwa kilianza kusikika.

"Jaji anafunga jalada saa ngapi?" Edelmira aliuliza.

"Saa nane. Lakini wewe kwanza hospitali..."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saba na dakika arobaini."

"Basi toa kalamu," alisema Edelmira, akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta. "Andika jina langu kwanza. Ukuta ule ulijengwa na watu wawili."